Dila anasema 9.0, macho yangu yanasema 7: Hulk 181 ninunue au nipite?

Swali la leo limetoka kwa msomaji aliyeko Columbus, Ohio. Alichoandika ni kirefu, nakifupisha (kwa wageni: dila ni muuzaji wa komiki, na CGC ni kampuni inayokagua komiki, inaipa gredi ya namba mpaka 10 na kuifunga kwenye plastiki ngumu): "Shikamoo kaka. Nakusanya komiki huu mwaka wa pili. Wikiendi iliyopita kwenye shoo ya hotelini nimekuta Incredible Hulk 181, haijafungwa kwenye plastiki ngumu, iko kwenye mfuko tu. Dila anataka dola 3,000, anasema ni 9.0 bila wasiwasi na nikiipiga pasi halafu nikaituma CGC itarudi 9.4. Mimi kwa macho yangu naona 7. Kona ya chini kulia imekunjika, kuna kamstari keupe, na mgongoni nimehesabu vimstari nane. Nikamwambia 1,500, akairudisha kwenye boksi akageukia mteja mwingine. Na hao wa gredi wameshanichosha, nilituma Amazing Spider-Man 129 nikitegemea 8.5 ikarudi 6.5. Jamaa atakuwepo tena shoo ya mwezi ujao. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Umenielezea kona, mgongo, rangi, mpaka mfuko uliokuwemo umenielezea, ila kitu ambacho ningekiuliza kabla hata ya bei hujakitaja hata kidogo. Stempu ipo?

Najua wengi wanaosoma hapa hawaelewi naongelea stempu gani, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo. Hulk 181 ni toleo la Novemba 1974, bei yake mpya ilikuwa senti 25, hadithi ni ya Len Wein na mchoraji ni Herb Trimpe, na ukubwa wake wote unatokana na kitu kimoja tu, Wolverine anaonekana mle kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu (kwenye 180 anachungulia ukurasa wa mwisho tu basi). Sasa mwaka huohuo 1974 Marvel walianzisha mchezo wa kuchapisha vistempu kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, jumla vilikuwa 100, na watoto waliambiwa wavikate wabandike kwenye kijitabu. Kwenye 181 stempu iliyomo ni namba 54, Shanna the She-Devil. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1974 atajuaje kwamba ameshika kitu ambacho siku moja kitauzwa bei ya gari? Anachukua mkasi wa mama yake anakata. Matokeo yake leo kuna Hulk 181 nzuri sana nje, kava linang'aa, ukifungua ndani ukurasa una dirisha.

Ikikosa stempu bei inaporomoka vibaya sana, na CGC huwa wanaipa lebo ya kijani, ile ya kitabu chenye kasoro kubwa iliyotajwa, au wanaipa ya bluu ya kawaida ila namba ya chini kabisa ambayo huwezi kuamini ukiangalia kava. Na wajanja wapo, wanatoa stempu au karatasi nzima kwenye kitabu kilichochakaa wanaingiza kwenye kizuri. Ndio maana dila akikuambia "ipo, nimeshaangalia" unamjibu kwa heshima kwamba sawa nimekuamini, naomba na mimi nione.

Namna ya kuangalia. Usikitoe mwenyewe kwenye mfuko, mwambie akitoe yeye, hilo ni suala la adabu na pia ikichanika kona usiwe wewe uliyekuwa umeshika. Wengi watakubali, na dila anayekataa kabisa kukifungua kitabu cha dola 3,000 ameshakujibu swali lako, nenda zako. Kikishatoka kilazwe mezani, siyo hewani, kifunguliwe taratibu bila kuulazimisha mgongo. Nenda kwenye ukurasa wa barua kule nyuma, angalia stempu, halafu pitisha macho pembeni mwake pole pole ukitafuta mstari wa gundi au karatasi yenye weupe tofauti na majirani zake. Kisha hesabu karatasi, ndani zinatakiwa ziwe 16, yaani kurasa 32, bila kava. Angalia katikati kama ile karatasi ya kati bado imeshikwa na pini zote mbili, na pini zenyewe kama zina kutu. Halafu washa tochi ya simu uiweke kwa ubavu, karibu usawa wa meza, mwanga ulale juu ya kava, hapo utaona mabonde yote ambayo taa ya darini inayaficha. Nusa pia. Sitanii, harufu ya ukungu haitoki na unaipeleka nyumbani kwenye maboksi yako mengine.

Mimi haya nimefundishwa na mama mdogo wangu ambaye hajawahi kushika komiki maishani mwake. Alikuwa anauza mitumba pale Karume, na nilipokuwa namsaidia likizo alinikataza kununua shati kwa kuangalia kifua. Kwapa kwanza, halafu kola kwa ndani, halafu unalishika juu kwenye mwanga. Robota limeandikwa gredi A kwa herufi kubwa na ukilifungua unakuta suruali tatu za maana na matambara. Nilipokuja huku nikakutana na watu wazima wanabishana kuhusu 9.4 na 9.6 nikajisemea hawa ni ndugu zangu wa Karume kabisa, tofauti ni kwamba hawa wanalipia robota bila kulifungua.

Haya, tuje kwenye 9.0 ya huyo jamaa.

Kwa maelezo yako macho yako yako sahihi kuliko mdomo wake. Kona iliyokunjika mpaka rangi imevunjika na kuacha mstari mweupe, jumlisha vimstari nane mgongoni, hiyo 9.0 haipo. Mimi bila kuiona ningeiweka 6.5 mpaka 7.5, na ningeomba bei kwa kufikiria 6.5. Halafu hili la pasi ulielewe vizuri maana ndipo watu wengi wanapoingia mkenge. Kupiga pasi komiki ni joto, unyevu kidogo na mgandamizo, karatasi iliyojikunja inanyooka, alama za vidole zilizobonyea zinapotea, mgongo uliojipinda unakaa sawa. Ila pasi inanyoosha karatasi tu, wino hairudishi. Kamstari keupe ukishakaona basi wino umeshabanduka, utapiga pasi mpaka kesho katabaki pale pale. Kwa hiyo unapokagua jiulize kila kasoro, hii ni bonde au ni jeraha? Mabonde unaweza kuyahesabu kama faida yako ya baadaye, majeraha unayakata kwenye bei leo.

Na swali lingine la kawaida tu, mtu hata hahitaji kuwa mtaalamu kuliuliza. Dila yuko kwenye biashara miaka yote hiyo, anatuma vitabu kugrediwa kila mara, anajua mtu wa pasi. Kama 9.4 ni ya uhakika mbona kaiacha mezani akupe wewe hiyo faida? Wakati mwingine sababu ni ya kweli, anataka hela ya haraka, hana muda wa kusubiri. Mara nyingi sababu ni kwamba ameshaiangalia chini ya taa kama nilivyokuambia wewe uiangalie. Utazoea, kitabu kikiwa cha kwako unakiuza kwake ni 6.0 na anakuonyesha kila nukta, siku ya pili yake kiko mezani na karatasi imeandikwa 8.0. Sijui kama kuna kitabu kinachopona haraka hivyo hospitalini.

Kuna kitu kibaya zaidi ya gredi ya uongo, nacho ni kitabu kilichofanyiwa ukarabati wa kimyakimya. Hapa naongea kwa maumivu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Tomb of Dracula 10, ile ya 1973 ambayo Blade anatokea mara ya kwanza, mgongo wake ulikuwa msafi mpaka nikamwambia mke wangu tazama hii. Sikufungua kava. Yaani mimi niliyelelewa Karume nilinunua shati kwa kuangalia kifua. Nikaituma, jibu likarudi kwamba imeguswa rangi. Niliporudishiwa nikafungua kava nikaangalia upande wa ndani, karibu na pini ya juu, na pale palikuwa na vidoti vitatu vya wino uliopenya kutoka nje, vidogo kama mbegu za nyanya. Mtu kakaa na kalamu ya rangi akaziba vimstari vyeupe kimoja kimoja. Kosa ni langu, ingenichukua sekunde tano kufungua. Kwa hiyo hiyo ni kazi nyingine ya siku ile, ukiangalia stempu angalia na upande wa ndani wa kava, urefu wote wa mgongo, na kingo zote tatu kama zimenyooka kupita kiasi. Komiki ya 1974 iliyonyooka kama noti mpya huenda imepunguzwa na mkasi.

Sasa bei, na hiyo 1,500 yako.

Mdogo wangu ulimfanyia Kariakoo. Nakuelewa kabisa, sisi tumekua tukijua kwamba muuzaji akisema elfu thelathini wewe unasema kumi, anacheka, anakuita bosi, unajifanya unaondoka, anakushika mkono, mnaishia kumi na saba na kila mtu ameridhika. Ule ni mchezo na wote mnajua sheria zake. Huku sheria ni nyingine. Ukisema nusu bei bila maelezo yule mtu hasikii kwamba mazungumzo yameanza, anasikia umemtukana au huna hela. Kwa uzoefu wangu kwenye meza za shoo bei iliyoandikwa ina nafasi ya kushuka asilimia 10, 15, mara chache 20 au zaidi kama kitabu kimekaa sana. Bei ikiwa imezidi kuliko hapo, hapo huombi punguzo, unamwonyesha kwamba gredi aliyoandika siyo, na hayo ni mazungumzo tofauti kabisa.

Na ile ya kujifanya unaondoka iache nyumbani. Niliwahi kuondoka kwenye meza moja Baltimore, nimefika bei tumeachana dola 40, nikasema ngoja nizunguke aniite. Nikatembea pole pole kama bibi harusi. Hakuniita. Nikazunguka ukumbi mzima, saa nzima, nikarudi na hela mkononi na kitabu kimeshaondoka, jamaa ananiambia pole kwa tabasamu zuri tu. Dola 40! Huku ukiondoka wanaamini umeondoka.

Nitakuambia ninachofanya mimi. Kabla ya shoo nakaa na simu naangalia vitabu vilivyouzwa kweli, siyo vinavyoombwa bei. Kule eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa, na Heritage kumbukumbu za minada yao unazisoma bure ukijiandikisha. Nachukua miezi mitatu ya mwisho basi, sichukui zaidi, kwa sababu bei za 2021 na mwanzoni mwa 2022 wakati watu wamefungiwa ndani na hela za kutumia ni bei za ndoto, na kuna madila mpaka leo bado wamelala ndoto hiyohiyo stika hawajabadilisha. Kile kitabu cha bei cha Overstreet ambacho kimekuwepo tangu 1970 nakiheshimu ila kinatoka mara moja kwa mwaka, soko halisubiri mwaka. Ujue pia dila anakitaja kikiwa na bei kubwa na anataja eBay ikiwa eBay ndiyo kubwa, kwa hiyo fika na zote mbili.

Kisha unafanya hesabu. Hizi namba ni za mfano tu, wewe weka utakazozikuta. Tuseme iliyofungwa na yenye 7.0 inauzwa 2,300, na 6.5 inauzwa 2,100. Pasi, ada ya kugredi, posta yenye bima kwenda na kurudi, jumla tuseme 200. Ukiamua kuuza eBay wanakata karibu asilimia 13. Kwa hiyo kitabu chenye 7.0 ambacho hakijafungwa, ambacho hujui kama kimeguswa rangi, ambacho hatari yote unaibeba wewe, hakiwezi kuwa sawa na kilichofungwa. Kwa hesabu hiyo kukipata 1,800 ni bei ya halali kwa mtu anayekitaka akae nacho, 1,900 kama stempu iko salama na ndani ni safi. Umeona kwamba hata 1,500 yako haikuwa ya kichaa? Ulichokosea ni kuitupa tu bila kuitengenezea njia.

Njia yenyewe ni hii. Nenda siku ya mwisho ya shoo kama ni ya siku mbili au tatu, mchana kuelekea jioni, pale anapoanza kufikiria maboksi yatakavyorudi kwenye gari. Kama ni ya siku moja nenda saa mbili za mwisho. Yule mtu amelipa meza, amelipa hoteli, amelipa mafuta, kama hajarudisha hela yake utamwona usoni. Beba keshi, na keshi ihesabiwe kabisa kwenye bahasha, kwa sababu kadi inamkata na hela ya simu inaacha alama ambayo wengine hawaipendi. Chukua vitabu viwili vitatu vidogo kutoka kwenye meza yake uviweke juu ya Hulk, dila anapunguza kwa furaha akiona fungu kuliko akiona kitu kimoja. Halafu usikiponde kitabu chake. Hii ni tabia yetu ya sokoni, "mbona kimechakaa, mbona hiki", huku inamfunga moyo. Kisifie, kinastahili, ni Hulk 181! Kisha mwonyeshe kona kwa kidole bila kugusa, mwambie mimi hapa naona kamstari, hakatoki kwa pasi, mimi kwangu hii ni 7, na iliyofungwa ya 7 iliuzwa kiasi fulani mwezi uliopita. Mwulize bei yake nzuri zaidi kwa keshi. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, sisi Waswahili tunaogopa ukimya tunaujaza maneno, tunajikuta tumeanza kumtetea yeye. Kaa kimya hesabu mpaka kumi na tano.

Akisema 2,700, mshukuru, mwachie namba yako ya simu. Usimkasirikie, kitabu ni chake na huenda mjinga yuko njiani.

Sasa gredi. Nimeiacha mwisho siyo kwa bahati mbaya, maana nikianzia huku sitafika kule.

Hasira yako naijua, 8.5 kwenda 6.5 ni kama kofi. Ila nitakuuliza kama mama mdogo, ulikagua kwapa? Mara nyingi namba ikishuka kwa hatua nyingi hivyo siyo kwamba mtu wa gredi ameamka vibaya, ni kwamba kuna kitu kimoja kikubwa hukukiona. Doa la maji kwenye kona ya nyuma. Karatasi ya kati imechomoka pini moja. Mkunjo mwepesi unaopita kava zima ambao unaonekana kwa tochi ya ubavuni tu. Chukua namba ya cheti chako, tafuta maelezo ya wakaguzi, soma walichoandika. Kama wameandika doa au pini, usipasue plastiki utume tena, utalipa mara ya pili kupewa jibu lilelile. Kama walichoandika ni mabonde na alama za vidole, hapo kuna hoja ya kuitoa, kuipiga pasi na kuirudisha.

Lakini siwatetei. CGC wameanza mwaka 2000 na kabla yao biashara hii ilikuwa ni neno lako dhidi ya neno langu, na mimi wa mbali ninayenunua kwa picha nilikuwa naliwa tu. Wametusaidia hilo sikatai. Mizani yao inaanzia 0.5 mpaka 10.0, na watu wameichukua kama vile ni kipimo cha maabara, wakati ni binadamu wawili watatu wameangalia kitabu chako kwa dakika chache katikati ya rundo. Nina kitabu kimoja nilichokituma kwenye kampuni moja, sitaitaja, kikarudi 8.0. Nikakipasua plastiki mwenyewe jikoni na bisibisi, sikukigusa, sikukipiga pasi, nikakituma kampuni ileile baada ya miezi kadhaa kikarudi 8.5. Nikafurahi usiku mmoja halafu asubuhi nikajiuliza, sasa nilichonunua hapa ni nini? Karatasi ni ileile. Nimelipa mara mbili kununua maoni mawili nikachagua ninayoyapenda.

Na kuna mengine yananikera. Huduma ya pasi na huduma ya gredi ziko chini ya mwavuli mmoja, wenye CGC waliinunua kampuni ya pasi na ukarabati mwaka 2012, kwa hiyo anayekuambia kitabu kingefaidika na pasi ana ndugu yake anayepiga pasi. Sisemi wanaiba, nasema mimi mgeni ningeliona hilo mapema. Ada nayo kwa vitabu vya bei kubwa inapanda kulingana na thamani ya kitabu, kana kwamba macho yanachoka zaidi yakiangalia kitu ghali. Plastiki yenyewe mara inatoa mawimbi ya rangi kama mafuta ya gari kwenye dimbwi, mara kitabu kinacheza ndani kikisafirishwa na kona inaumia ndani ya kitu ulicholipia kiilinde. Na mwisho wa 2023 likaibuka lile sakata kubwa, ikabainika kuna mtu alikuwa anachezea vitabu na plastiki zao, kitabu kibovu kinakaa chini ya lebo ya kitabu kizuri, mpaka kampuni yenyewe ikatoa orodha ya namba za vyeti vya kutiliwa shaka. Na Hulk 181 ilikuwemo kwenye mazungumzo yale moja kwa moja, kwa sababu ya stempu hiyohiyo, ikishafungwa hakuna anayeweza kufungua ndani kuangalia kama Shanna bado yupo.

Kwa hiyo tutume lini? Mimi natuma nikitaka kuuza kwa mtu wa mbali asiyenijua, au kitabu kikiwa cha aina inayochezewa sana na nataka kujua kimeguswa au la, kama hiyo Tomb of Dracula yangu, japo nilichelewa. Natuma pia toleo jipya ambalo 9.8 na 9.6 zinaachana bei sana na mimi nina uhakika wa 9.8, na huo uhakika ninao mara moja kati ya kumi. Basi. Watu wananiletea X-Men 1 ya 1991 wanauliza wagredi, ile iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, kila mtu alinunua tano akaziweka chini ya kitanda asomeshee watoto, zote ni nzuri na zote zipo. Lipia watoto ada kwa njia nyingine.

Kitabu cha kukaa nacho mwenyewe hakihitaji namba. Nunua mfuko wa Mylar na kadibodi isiyo na asidi, kisimamishe wima kwenye boksi, kabatini, siyo chini kwenye besimenti za Ohio zenye unyevu, na usikibane mpaka kishindwe kupumua. Itakugharimu dola chache. Na utaweza kukisoma, jambo ambalo nakuta watu wameshasahau linawezekana. Tumekulia kwenye Sani, na nakala zile zilizofungia karanga na maandazi leo ukiitafuta moja ya zamani iliyo kamili utahangaika. Hata hao Wamarekani, vitabu vyao vya miaka ya vita ni adimu kwa sababu watoto walihamasishwa wapeleke makaratasi yakasagwe kusaidia jeshi.

Kwa shoo ya mwezi ujao basi. Piga hesabu zako mapema uandike namba ya mwisho kwenye kikaratasi, kwa huu mfano wangu ni 1,900, na weka kwenye bahasha hela hiyohiyo isizidi hata mia. Msalimie jamaa vizuri, usirudie habari ya 1,500 kama vile mna kesi, mwambie umerudi kwa ile Hulk na unaomba mwifungue pamoja. Stempu, ndani ya kava, karatasi 16, pini, tochi. Ikipita zote mpe nafasi aseme bei yeye kwanza, na akifika kwenye namba yako lipa ondoka usiombe mfuko wa bure juu yake.

Na ukikuta ukurasa wa barua una dirisha, mwambie asante, mwachie na Hulk yake, nenda kule nyuma ukutani kwenye maboksi ya dola moja moja. Ukiona mzee mmoja kapiga magoti na kofia ya Simba ni mimi, nakuja Columbus mwezi huo, sogea kidogo tu usinivurugie fungu langu.